Naibu Sherifu Hafi Chali

Jumatatu, 2 Oktoba 1961

Mswada mpya umefika. Nimeupokea kwa Bi Frye, katibu wa mtayarishaji wetu, mwanamke anayejua kila kitu na hasemi kitu. Nikaenda nao msalani, nikafunga mlango kwa komeo, nikafanya kama tunavyofanya waigizaji wote wa michezo ya kauboi: nikatafuta kurasa zenye maneno yangu, nikazichomoa, nyingine zote nikazitupa kwenye pipa. Kurasa hamsini na nane za nini? Kila mtu na maneno yake.

Wiki hii nina maneno saba. Si sentensi saba. Maneno saba! Ukurasa wa nne: "Ndiyo, Sherifu." Ukurasa wa ishirini: "Wanakuja, Sherifu." Ukurasa wa thelathini na moja: "Niachie mimi, Sherifu." Halafu, chini yake, kwa taipu nyeusi isiyo na huruma: Mlio wa risasi. Cobb anaanguka. Kimya. Sherifu anavua kofia, anasema hajapata kuwa na rafiki kama huyu. Mwisho wa ukurasa.

Cobb ni mimi.

Nimeusoma mara nne nikiwa nimekaa juu ya choo. Miaka minne nimekuwa naibu sherifu kwenye televisheni. Nimebeba taa, nimefungua jela, nimefunga jela, nimeshika farasi wa watu. Sasa wananiua kwa mstari mmoja na nusu! Nina miaka arobaini na sita. Nani anaajiri naibu sherifu wa miaka arobaini na sita aliyekwisha kufa mbele ya Marekani nzima? Unga wangu umemwagika.

Najua kazi hii ni ya nani. Thurman Beale, sherifu wetu, nyota wetu, mwenye kidevu chake. Hajanisamehe tangu maonyesho ya kilimo ya Bakersfield, pale bibi mmoja alipompita yeye akaja kuniomba mimi sahihi. Kweli alitaka nimsainie karatasi ya kuegesha gari, lakini Thurman hakujua hilo.

Nyumbani nimemwambia mke wangu, Verna, kwamba naenda kuuawa Alhamisi. Alikuwa anakaanga vipande vya nyama. Akauliza kama nimesoma mswada wote. Nikamjibu nimesoma yanayonihusu. Akasema, "Haya, basi kula kwanza." Huo ndio msiba niliopewa katika nyumba yangu mwenyewe, hapa Reseda.

Sitakubali. Nina mpango.

Jumanne, 3 Oktoba

Mpango wenyewe: watazamaji! Hakuna mtayarishaji anayethubutu kumuua mtu anayependwa. Tatizo ni kwamba kwa miaka minne nimepata barua tatu tu, na moja ilikuwa ya shemeji yangu. Kwa hiyo niliamka alfajiri nikaandika barua ishirini na mbili. Nyingine kwa mkono wa kulia, nyingine kwa wa kushoto, moja kwa mguu, ile ya mtoto wa miaka mitano wa Nebraska. Nililia nilipokuwa naandika ile ya mjane wa Tulsa. Anasema tangu mumewe afariki, sura ya Cobb ndiyo inayompa nguvu ya kuosha vyombo. Mwanamke gani huyo! Nilitamani angekuwepo kweli.

Nikazipeleka mwenyewe kwenye sanduku la barua la studio, nikajificha nyuma ya gari la maturubai kuona zitakavyopokelewa. Saa sita Bi Frye akanipigia simu chumba cha kuvalia, akaniomba nipite ofisini kwake.

Barua zilikuwa mezani, zimepangwa vizuri. Akaniambia amefurahi kuona nina wapenzi wengi hivyo. Akasema anashangaa tu kwamba wote, toka Nebraska mpaka Tulsa, wanatumia karatasi za zambarau zenye manukato yale yale. Ni karatasi za Verna za kuandikia shangazi zake. Sikuwa nimefikiria habari ya harufu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemstiri mwenzake, "Bwana Hockaday, na stempu je? Hukubandika hata moja."

Nikamwambia huenda watu wa posta wananipenda pia. Alinisukumia barua zangu akarudi kwenye taipu yake. Angalau hakumwonyesha mtayarishaji, Bwana Selwyn. Nilimwona akimeza kicheko, nikaondoka.

Niliporudi nyumbani Verna akaniuliza karatasi zake ziko wapi. Nimesema sijui.

Jumatano, 4 Oktoba

Mpango wa pili. Huu hauna harufu.

Mtu hawezi kuuawa akiwa mgonjwa. Mgonjwa hapandi farasi, hapigwi risasi, haanguki. Wataahirisha. Wakiahirisha wiki moja, Selwyn atakuwa amesahau alitaka kumuua nani. Ndivyo nilivyowaza, na hata sasa sioni kosa.

Saa nne, mbele ya mafundi wote, nikainama kuokota mjeledi nikapiga ukelele. Mgongo! Nikabaki nimepinda kama ndoano. Nadhani ulikuwa uigizaji wangu bora tangu mwaka 1957. Mafundi wawili walinibeba. Thurman mwenyewe alikuja mbio, akanishika mkono, akaniambia, "Vumilia, ndugu yangu, kesho tunakuhitaji kuliko siku zote." Mnafiki! Muuaji anamwomba marehemu wake asichelewe.

Sikujua kwamba studio imeajiri daktari mpya. Kijana mnene, mchangamfu, aliyetoka jeshini. Hakuniuliza swali hata moja. Akaniambia nishushe suruali, akatoa sindano inayofaa kuchoma ng'ombe. Nikamwambia naona mgongo unapata nafuu. Akasema ndiyo, wote huwa wanapata nafuu wakiiona, lakini dawa imeshavutwa na haiwezi kurudishwa chupani.

Nimepona kabisa. Siwezi kukaa.

Nimekula chakula cha jioni nimesimama kando ya friji. Verna akaniuliza tena kama nimesoma mswada wote. Huyu mwanamke akishika neno! Nikamwambia mtu haombwi asome hotuba ya mazishi yake. Akanitazama, akaniwekea barafu. Ni mke mwema, ila haijui kazi hii.

Alhamisi, 5 Oktoba

Siku ya kufa. Nimeandika haya nikiwa nimelala kwa tumbo, kwa sababu ya sindano. Lakini nimeshinda! Naomba niandike kwa utaratibu.

Kabla sijawa Cobb, kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuuawa. Jambazi wa kwanza, jambazi wa tatu, mtu wa baa, mwizi wa ng'ombe. Nimekufa mara sitini na tatu. Na sisi tuliokuwa tukifa kwa kazi tulikuwa na kanuni moja, tuliyofundishana kwenye foleni ya chakula: usife chali hata siku moja. Anayekufa chali ameonyesha uso wake kwa kamera, amezikwa, haitwi tena mpaka mwaka upite. Anayekufa kifudifudi, kofia juu ya kisogo, huyo hajafa. Wiki ijayo anabadilisha shati na masharubu, anarudi mjini kuiba benki. Nimelisha nyumba yangu kwa kufa kifudifudi.

Leo asubuhi, ndani ya gari la kwenda Chatsworth, kwenye ranchi ya miamba tunakopigia picha, kanuni hiyo ikanijia kama mtu kanigusa bega. Wasipouona uso wangu ukiwa maiti, watamzika nani?

Mwongozaji wetu ni Dahlquist. Huongea kidogo, hutafuna vidonge vya tumbo, hutaka kila kitu kiishe kabla jua halijahama. Akanieleza kwa mkono: toka nyuma ya mwamba, sema maneno yako, risasi, anguka hapa kando ya nyumbu, uso juu. Nyumbu anaitwa Bernice. Hubeba mizigo ya Cobb tangu mwaka wa kwanza na hatupendani. Nikauliza kwa nini uso juu. Dahlquist akasema, "Kesho tunautaka huo uso. Usinichoshe, Lyle."

Kesho! Jeneza! Walikuwa wameshapanga!

Mara ya kwanza nilianguka kifudifudi. Akapiga kelele. Nikamwambia nimejikwaa. Mara ya pili nilianza kuanguka chali, nikageuka hewani. Mara ya tatu niliviringika. Mara ya nne Dahlquist akaja mwenyewe akaniweka chali kwa mikono yake, kama anakanda unga wa mkate, akanishindilia mabegani. Risasi ilipolia nikawa tumbo chini tena. Nikasema ni sindano ya jana, jambo ambalo lilikuwa nusu kweli, nikataka kuwaonyesha mahali penyewe. Mafundi walikuwa wanauma mikono yao wasicheke. Thurman alikaa, kofia mapajani, uso umemshuka kama mtu anayeona gari lake linaibwa. Nilifurahi kumwona hivyo.

Mara ya saba jua lilikuwa linagusa mwamba. Nikaanguka kifudifudi, nikafunika kisogo kwa kofia, na Bernice akasogea hatua moja akaukanyaga ukingo wa kofia, kamba yake ikiwa shingoni mwangu. Kwa hiyo hata ningetaka kugeuka nisingeweza. Nikamsikia Dahlquist akisema, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa na dunia, "Basi. Funga. Twende nyumbani."

Thurman Beale, umepatikana! Nimekufa, lakini sijafa.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nitaandika ilivyokuwa.

Leo tulikuwa ndani, studioni. Nilikwenda kuaga. Nilijua kwamba uso wangu haujapatikana, lakini nilidhani watanifukuza tu kwa hasira, basi bora mtu aondoke na heshima yake. Nilinunua keki Van Nuys, kubwa, ya nazi. Wakati wa chakula cha mchana nikapanda juu ya kreti nikawahutubia wote. Nikawashukuru mafundi. Nikamshukuru Bi Frye kwa kunyamaza. Nikasema sina kinyongo na mtu yeyote, hata na wale walioshindwa kuvumilia nyota ya mwenzao iking'aa, na hapo nikamtazama Thurman mpaka akaacha kutafuna.

Thurman akauliza, "Lyle, kwani unakwenda wapi?"

Nikamwambia asijifanye. Nikatoa ukurasa wa thelathini na moja mfukoni, nikausoma kwa sauti. Cobb anaanguka. Kimya. Sherifu anavua kofia.

"Ndiyo," akasema Thurman. "Halafu?"

"Halafu nini? Halafu nimekufa!"

"Ukurasa wa thelathini na mbili, bwana wee. Umesoma wa thelathini na mbili?"

Nikasema sina neno hata moja kwenye ukurasa wa thelathini na mbili. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Nikaona watu wanaanza kuangalia viatu vyao. Hawakucheka, kwa sababu wote pale, kila mmoja, hutupa kurasa zisizo na maneno yake, na nadhani kila mmoja alikuwa anahesabu alichowahi kutupa.

Bi Frye ndiye aliyekwenda kuuleta. Nausoma tena sasa hivi. Majambazi wanakaribia maiti ya Cobb. Wanacheka. Kamera inasogea mpaka uso wa Cobb unajaza kioo chote cha televisheni. Taratibu, Cobb anafungua jicho moja. Anatukonyeza. Ilikuwa hila! Cobb na Sherifu walikuwa wamepanga! Majambazi wanakamatwa wote.

Siku zote za maisha yangu sijapata kujaza kioo. Miaka kumi kwenye kazi hii nimekuwa kofia nyuma ya bega la mtu mwingine. Hata Verna, tukitazama, huniuliza nipo upande gani. Picha ya uso wangu peke yake, mbele ya nchi nzima! Na Thurman, nimeambiwa na Bi Frye kando kidogo, ndiye aliyekwenda kwa Selwyn mara tatu kuiomba. Selwyn alikataa mara mbili. Mara ya tatu Thurman alimwambia atakuwa mgonjwa wiki nzima kama Lyle Hockaday hapewi uso wake.

Nilishuka kwenye kreti. Nilimkatia Thurman kipande cha keki, kikubwa kuliko vyote. Akakipokea, akasema, "Si kitu, mzee. Ila ungeanguka chali."

Tulijaribu. Wallahi tulijaribu. Dahlquist alinilaza chali kwenye mchanga wa studio, akatazama kupitia kamera, akatikisa kichwa. Picha ya jana inaonyesha mtu amelala kifudifudi na kofia yake iko chini ya kwato. Mtu huyo atakonyezaje? Amkonyeze nani, sisimizi? Kurudi Chatsworth haiwezekani, ranchi imekodiwa na watu wengine kuanzia leo, wana tembo. Selwyn alishuka kutoka ofisini, uso mwekundu, akauliza kwa hiyo sasa naibu amekufa au hakufa, maana kama picha haielezi, ni rahisi zaidi afe.

Yaani nilijihangaisha siku nne kukimbia kifo ambacho hakikuwepo, nikakileta mwenyewe!

Aliyeniokoa ni Hoyt, mtunza wanyama. Alisema, akiwa anasugua shingo ya Bernice, kwamba huyu nyumbu ukimpulizia sikio la kushoto hufumba jicho moja. Na jana alikuwa amesimama pale pale juu ya Cobb. Basi akonyeze yeye, halafu tuone kiatu cha Cobb kinatikisika, watu wataelewa. Dahlquist akaacha kutafuna kidonge. Wakamweka Bernice mbele ya taa. Hoyt akapuliza. Bernice akakonyeza, mara ya kwanza, bila kukosea, uso wake mrefu umejaza kamera nzima.

Kisha wakapiga picha kiatu changu cha kushoto. Nilikitikisa kwa moyo wangu wote. Selwyn akasema, "Sawa, yu hai," akarudi juu.

Yu hai! Nilikaa kwenye mchanga nikalia kama mtoto, na sindano ikauma, na sikujali.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimelala mpaka saa tatu. Sijalala hivyo tangu Jumapili. Nimekata majani ya mbele ya nyumba, nimemsalimia jirani nisiyempenda. Nimemnunulia Verna karatasi mpya za zambarau na kumwambia ukweli wote. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akanikumbatia kwa muda mrefu. Nadhani naye alikuwa na hofu. Hakuionyesha tu.

Nina kazi. Mbona hewa ya Reseda ni tamu hivi?

Jumanne, 14 Novemba

Usiku wa leo wametuonyesha. Verna aliwaita majirani, akatengeneza sandwichi za salmoni. Nilipoanguka, mke wa jirani akapiga yowe, nikasikia raha. Bernice alipokonyeza, chumba kizima kililipuka kwa kicheko na makofi. Kiatu changu kilipotikisika walikuwa bado wanamshangilia Bernice, hawakukiona. Jirani akaniuliza kama mimi ndiye niliyekuwa nimelala.

Si kitu. Thurman alinipigia simu kusema kiatu kilikuwa kizuri. Na asubuhi Selwyn ametutangazia vipindi kumi na vitatu zaidi. Cobb yumo katika vyote. Nilimshika Verna tukacheza katikati ya sebule.

Jumatatu, 20 Novemba

Gunia la barua. Gunia! Bi Frye amelivuta kwenye korido kwa mikono miwili. Barua mia nne na kumi na mbili, zote zina stempu, mia nne na kumi na moja ni za Bernice. Yangu moja. Ndani yake mama mmoja wa Dakota anauliza kama yule nyumbu hakuumiza mguu alipoikanyaga kofia.

Selwyn ameagiza Bernice awekwe kwenye kila kipindi, kila mara kando ya Cobb. Verna anasema nimshukuru yule mnyama, ndiye aliyenirudisha kazini na sasa ndiye anayenishikilia. Thurman anasema hivyo hivyo. Dahlquist hasemi, lakini amempa Bernice kidonge kimoja cha tumbo.

Mimi nasema uso ule ulikuwa wangu. Ameuiba!

Lakini nimeshamjua. Nimemchunguza siku tatu. Bernice hugeukia palipo na sukari, hata umpigie kelele namna gani. Kwa hiyo kesho kamera ikiwa mbele yetu, nitapita upande wa pili wa nyumbu, niitazame kamera juu ya mgongo wake. Sukari nitakuwa nayo mimi. Bernice atanigeukia, kamera itabaki na matako yake, na juu ya matako hayo, kwa mara ya kwanza kwenye televisheni, uso mzima wa Lyle Hockaday! Hawawezi kuukata. Nimepima kwa ufagio na kiti cha jikoni.

Vipande kumi na vinne vya sukari tayari viko kwenye mfuko wa mbele wa suruali ya Cobb. Nilimweleza Hoyt kidogo tu, kwa siri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akautazama mfuko, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuyaona meno ya Bernice kwa karibu.

Nimemwambia meno si mambo ya mwigizaji.